Tunamshangilia Mgeni, wa Kwetu Tunamzomea

Ndugu msomaji, wahariri wa jarida hili wameniomba, mimi mlezi wa chama chao, niandike maoni yangu juu ya jambo lolote nipendalo. Najua wanachama wengi walitarajia ngeli za nomino, au ile vita yetu ya kila mwaka na Sheng. La hasha! Mwaka huu nataka kuandika juu ya mpira. Anayedhani mpira si jambo la Kiswahili na ajiulize ni wapi alikosikia kwa mara ya kwanza maneno kama "chenga", "dimba" na "lango". Mimi niliyasikia redioni.

Maoni yangu ni haya, na nitayasema wazi bila kuzungukazunguka. Sisi watu wa Osiri, na kwa jumla sisi wa Migori na Homa Bay, ni mashabiki hodari sana lakini ni wenyeji wabaya. Mchezaji aliye mbali tunampenda kama mboni ya jicho. Mchezaji aliye karibu, ambaye tungeweza hata kumsalimu kwa mkono, tunamhesabia makosa. Na tabia hii si ya mzaha. Imekwisha kutupotezea timu nzima.

Timu ninayoisema ni SoNy Sugar ya Awendo. Hivi majuzi niliwauliza vijana wa kidato cha pili kama wanaijua. Mmoja akanyosha mkono akajibu, "Mwalimu, si hiyo ni sukari?" Darasa likacheka, nami nikacheka pia, lakini moyoni niliumia. Kijana huyo hana kosa. Kosa ni letu tuliomtangulia, maana sisi tuliiona timu hiyo ikicheza na hatukumsimulia.

Basi mimi namsimulia sasa. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza ilianzishwa pale Awendo, na kama kampuni nyingi za zamani za nchi hii ilikuwa na timu yake ya kandanda. Mwaka wa 2006 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Ligi Kuu, msomaji, si kombe la mbuzi la mwezi wa Disemba! Mabingwa wa miaka mitatu iliyotangulia, yaani 2003, 2004 na 2005, walikuwa Ulinzi, timu ya wanajeshi, wanaume wenye mapafu kama mivuo ya mhunzi. Vijana wa Awendo ndio waliowakatiza. Hakuna klabu nyingine ya pande zetu hizi iliyowahi kufanya hivyo, kabla wala baada.

Sasa linganisha na jambo hili. Gor Mahia, ambayo sisi sote tunaishabikia (na mimi nikiwemo, sitajificha), ilichukua ubingwa mwaka wa 1995, kisha ikakaa bila ubingwa hadi 2013. Hiyo ni miaka 18! Mtoto aliyezaliwa siku Gor ilipochukua kombe lile alikuwa na kitambulisho mkononi ilipochukua lililofuata. Katika njaa hiyo yote ya miaka 18, mara moja tu kombe lilivuka likaja kusini mwa Nyanza, na waliolileta ni hao wa Awendo. Je, tuliwabeba mabegani? Tuliwatungia nyimbo? Tulisema "vizuri, vizuri", kisha tukarudi kuuliza Gor imecheza vipi Jumapili.

Nilikwenda Awendo zaidi ya mara moja SoNy ilipokuwa mwenyeji wa Gor. Aliyewahi kufika atakubaliana nami kwamba ilikuwa ajabu. Uwanja ni wa SoNy, nyasi ni za SoNy, hata harufu ya hewa ni ya molasi ya SoNy, lakini ukitazama kuzunguka uwanja unaona jezi za kijani za Gor tupu! Wenyeji walikuwa kama wageni kwao. Winga wa SoNy akipata mpira unasikia kelele za kumvuruga. Wa Gor akiupata, vuvuzela zinalia hadi masikio yanauma.

Mara moja niliketi kando ya mzee mmoja mkulima wa miwa, mwenye kofia ya kijani na kitambaa cha kijani shingoni. Nikamuuliza, "Jaduong', wewe si wa hapa Awendo?"

"Wa hapa kabisa, nyathina. Miwa yangu iko pale ng'ambo ya barabara."

"Na mbona basi unawashangilia wageni?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula ugali. "Gor si mgeni," akasema. "Gor ni damu. Hawa ni watu wa kampuni."

Watu wa kampuni! Neno hilo nimelitafakari kwa miaka mingi. Mzee yule hakuwa na ubaya. Alisema kile ambacho sote tuliamini. Mchezaji wa SoNy kwetu alikuwa mwajiriwa, kama yule anayepima miwa kwenye mizani, tena mizani yenyewe tunaigombania. Kiwanda kikichelewa kumlipa mkulima, hasira ilimfuata mchezaji hadi uwanjani. Hatukufikiri kwamba kijana yule naye pengine alikuwa hajalipwa.

Nitaitendea Gor haki, kwa sababu mapenzi yetu kwake yana mizizi na si ushamba kama wanavyodhani watu wa miji mingine. Klabu iliundwa Nairobi mwaka wa 1968, lakini jina lake ni la mtu wa hapa kwetu, mganga mashuhuri Gor wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, mwana wa Ogalo. Ndiyo sababu tunaiita K'Ogalo. Baba zetu waliokwenda kufanya kazi katika reli, bandarini na katika nyumba za Nairobi walikuta huko kitu kimoja tu kilichobeba jina la nyumbani, nacho ni timu hiyo. Mtu aliye ugenini ana haki ya kushika kitu kama hicho kwa mikono miwili. Lakini sisi tuliobaki hapa hatuko ugenini. Tulikuwa na timu umbali wa nauli ya matatu, ikaja kwetu na kombe, tukaiona si kitu kwa sababu tuliweza kuifikia.

Mwisho wake ulikuwaje? Agosti mwaka wa 2019 SportPesa, waliokuwa wakiidhamini ligi, walijitoa, na klabu nyingi zikaanza kuyumba. Klabu yenye watu wake ilipitisha kofia. SoNy haikuwa na watu wa kupitishiwa kofia. Kabla ya mwaka huo kwisha ilishindwa kufika uwanjani mara tatu, na kanuni za ligi ni kwamba anayekosa mechi tatu hufukuzwa. Ikafukuzwa. Nakumbuka siku niliyosikia habari hiyo. Nilikuwa kituo cha bodaboda hapa Osiri, na vijana walikuwa wakibishana kwa hasira juu ya Arsenal. Nikawaambia SoNy imefukuzwa ligini. Mmoja akasema "Pole kwao," kisha wakarudi London.

Pole kwao, ati! Kwao wapi, ndugu yangu?

Msomaji atasema mwalimu huyu anaomboleza timu moja ndogo ya sukari. Sawa. Tuchukue basi hiyo hiyo Gor tunayoiita damu, tuone kama wachezaji wake wenyewe tumewatendea vema.

Mwaka wa 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika fainali yoyote ya bara hili. Huko ikakutana na Canon ya Yaoundé, Kamerun, ikafungwa 2-0 Nairobi na 6-0 kwao. Waulize wazee wa hapa juu ya timu ile ya 1979 na karibu wote watakuambia juu ya mabao manane. Manane! Nani atakuambia juu ya safari, juu ya timu zote zilizotolewa njiani hadi ikafikiwa fainali? Wachezaji wale walifungua mlango ambao haukuwahi kufunguliwa na Mkenya, na sisi tumewakumbuka kwa kidole walichobanwa na mlango huo.

Miaka minane baadaye, mwaka wa 1987, mlango ukapitika. Wakati huo nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Redio ilikuwa moja katika boma letu, na betri zake tulizianika juani mchana ili zipate nguvu jioni. Gor ilitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, kisha ikatoka sare ya 1-1 Nairobi, na kwa hesabu ya mabao ya ugenini kombe likawa letu. Kombe lenyewe lilikuwa na jina la Mandela, ambaye siku hizo alikuwa bado kifungoni Afrika Kusini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Watu wazima walilia siku ile. Mimi sikuelewa kwa nini mtu alie kwa furaha, lakini nililia pamoja nao.

Sasa fanya jaribio dogo. Muulize shabiki yeyote wa hapa akutajie mchezaji mmoja wa 1987. Atakutajia Peter Dawo, naye alistahili, maana ndiye aliyeongoza kwa mabao katika kombe lile. Umwambie ataje wa pili. Ataanza kukuna kichwa. Nahodha wa timu ile, aliyelinyanyua kombe, alikuwa Austin Oduor, beki. Mlinda lango alikuwa David Ochieng. Sare ya 2-2 ugenini haipatikani kwa mabao peke yake. Inapatikana kwa mabao ambayo hayakuingia, na bao ambalo halikuingia halina mtu wa kulisimulia. Hapo ndipo mashabiki tulipo wavivu kabisa. Tunajua kuhesabu kilichoingia tu.

Huyo Austin Oduor ana ndugu aitwaye Mike Okoth Origi, aliyekwenda Ubelgiji akachukua ubingwa wa nchi ile na klabu ya Genk mwaka wa 1999. Hapa kwetu jambo hilo lilipita kimyakimya. Lakini Mike ana mwana, Divock, na hapo ndipo masikio yetu yalipofunguka! Tarehe 7 Mei 2019 Divock Origi alifunga mabao 2 Liverpool ilipoitandika Barcelona 4-0, na pikipiki za Osiri zilipiga honi hadi watoto wakashindwa kulala. Tarehe 1 Juni, huko Madrid, akafunga tena katika fainali, Liverpool ikashinda 2-0. Kila mtu akasema "Huyo ni wetu! Huyo ni damu!" Kijana aliyezaliwa Oostende mwaka wa 1995 na aliyeichezea Ubelgiji katika Kombe la Dunia la 2014! Simlaumu Divock hata kidogo, ni mchezaji hodari na babaye ni mwenzetu. Lakini mjomba wangu mmoja, aliyekesha akimshangilia Divock, hakujua kwamba baba yake mkubwa ndiye aliyelinyanyua lile kombe la 1987 alilolilia yeye mwenyewe kando ya redio.

Na kuna jambo jingine katika fainali hiyo ya Madrid. Wapinzani wa Liverpool walikuwa Tottenham, na kwenye benchi la Tottenham alikaa Victor Wanyama, nahodha wa Harambee Stars, Mkenya wa pasipoti na wa jasho. Sikusikia hata honi moja kwa ajili yake. Huyu ndiye aliyeifungia Celtic kwa kichwa tarehe 7 Novemba 2012 dhidi ya Barcelona, Celtic ikashinda 2-1. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, alipohamia Southampton mwaka wa 2013. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 2010. Nyumba moja, ndugu wawili, mambo ambayo nchi nzima haikuwahi kuyaota! Lakini kila Stars ilipocheza maneno yalikuwa yale yale. Ati Wanyama anajitunza miguu. Ati Wanyama ana pesa nyingi, hataki kuumia. Kule kwa Wazungu anacheza, hapa anatembea.

Ukweli ni kwamba Wanyama alikuwa kiungo wa kukaba. Kazi yake ni kusimama mahali ambapo mpira wa adui ungepita, ili usipite. Kule Uingereza alikuwa na watu kumi wanaojua aliposimama na kwa nini. Katika Stars mara nyingi wenzake walikutana naye siku tatu kabla ya mechi. Sisi tulitaka akabe, apige pasi, apige kona, kisha aikimbilie kona yake mwenyewe aifunge kwa kichwa. Mwezi mmoja tu baada ya Madrid alikuwa Misri akiongoza Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 2-0 na Algeria, ambao ndio walioibuka mabingwa. Tukafungwa 3-0 na Senegal, ambao ndio walioshika nafasi ya pili. Maneno aliyopewa wiki hiyo siwezi kuyaandika katika jarida la shule. Mwaka wa 2021 akatangaza kwamba hataichezea tena nchi yake, akiwa na umri wa miaka 30. Hapo ndipo watu wale wale walipoanza kuuliza, "Sasa katikati atakaa nani?"

Mechi moja tulishinda Misri, dhidi ya Tanzania, 3-2. Michael Olunga alifunga mabao 2, na jina lake likaimbwa kila mahali, kwa haki kabisa. Lakini Tanzania walikuwa mbele 2-1 mechi ilipokwenda mapumziko. Nani aliyeirudisha Stars? Johanna Omolo, kwa kichwa, dakika ya 62. Kiungo wa Dandora aliyecheza Ubelgiji kwa miaka mingi, mtu wa kazi ya kimya, kama yule mwanamke katika arusi ambaye humwoni lakini chakula kimeiva. Ningeulizwa nimtaje mchezaji mkubwa wa Kenya ambaye sisi wenyewe hatukumjua thamani yake, ningemtaja Omolo kabla ya mwingine yeyote. Wa pili ningemtaja Musa Otieno, beki, aliyekuwa nahodha wetu Tunisia mwaka wa 2004 tulipoifunga Burkina Faso 3-0. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za kombe hilo. Mabao ya siku ile twayakumbuka, hasa la Dennis Oliech. Kwamba lango letu halikuguswa, nani akumbukaye?

Na Oliech mwenyewe je? Akiwa kijana mdogo huko Qatar alikataa kubadili uraia wake ili aichezee nchi ile tajiri. Tulimpigia makofi kwa wiki moja. Baadaye, alipokosa bao katika mechi za Stars, hakuna aliyekumbuka alichokikataa kwa ajili yetu. Akaitwa mwenye kiburi. Aliporudi nyumbani mwaka wa 2019 kuichezea Gor, miguu ikiwa imechoka, watu walimcheka mwendo. Wangapi kati ya waliocheka wangekataa pasipoti ya Qatar? Mimi mwenyewe sijui ningejibu nini.

Nakubali, tabia hii si ya Wajaluo wala ya Wakenya peke yao. Messi aliambiwa na Waargentina wenzake kwa miaka mingi kwamba ni mtu wa Barcelona tu, hadi mwaka wa 2016 akasema haichezei tena timu ya taifa. Walipomwona anaondoka kweli ndipo wakamlilia arudi. Alirudi, na mwaka wa 2022 akawapa Kombe la Dunia. Lakini wao walikuwa na bahati ya mtu anayerudi. SoNy haikurudi, na Wanyama hakurudi katika Stars.

Nasikia shabiki mmoja akinijibu, "Mwalimu, mimi nimelipa kiingilio changu. Nina haki ya kulalamika." Ndiyo, unayo. Sikuombi umpigie makofi mtu anayecheza vibaya, maana huo nao ni unafiki, na mchezaji anaujua. Beki akilala, mwambie amke. Ninachouliza ni kwa nini Mwingereza akilala unasema amechoka, na wa kwetu akilala unasema ameuza mechi. Kipimo ni kimoja au ni viwili? Tena wengi wenu, nisameheni, hamkulipa kiingilio. Mlitazamia juu ya mti.

Wengine husema wa kwetu hawathaminiki kwa sababu kiwango chao ni cha chini. Hili halina nguvu. SoNy ya 2006 ilikuwa na kiwango cha juu kuliko kila timu ya Kenya, kwa ushahidi wa jedwali la ligi, na bado uwanja wake ulijaa jezi za wengine. Kwa hiyo si kiwango. Nadhani ni aibu fulani tuliyo nayo, ya kutoamini kwamba kitu kikubwa kinaweza kutoka mahali tunapopajua. Hapa Osiri tunachimba dhahabu. Kijana anaingia katika shimo lenye kina cha kutisha, anatoka na mawe, yanasagwa, yanaoshwa katika karai, kinabaki kipande kidogo kama punje ya mtama. Mnunuzi anakipima na kuondoka nacho. Hatujui kinakwenda wapi, lakini kikirudi kimekuwa pete dukani Nairobi tunaikodolea macho. Wachezaji tunawafanyia vivyo hivyo.

Niliandika haya yote kwa sababu ya kijana mmoja wa shule hii, ambaye sitamtaja jina. Katika michezo ya muhula wa pili alikuwa golikipa wetu. Tulifungwa mabao mawili nyumbani, moja likiwa la penalti. Mipira aliyoiokoa niliihesabu mwenyewe kwa kalamu katika daftari la matayarisho ya masomo. Ilikuwa 9, na miwili kati yake sijui hadi leo aliifikia vipi. Wanafunzi wenzake, waliosimama nyuma ya goli lake mwenyewe, walimwimbia wimbo wa kumdhihaki kuanzia bao la kwanza hadi kipenga cha mwisho. Wengine wao ni wanachama wa chama hiki, na ubeti mmoja wa wimbo huo, nakiri kwa masikitiko, ulikuwa na vina safi. Wiki iliyofuata kijana alirudisha glavu ofisini. Nilimwambia azichukue. Akasema, "Asante, mwalimu, lakini hapana." Kwa adabu kabisa. Glavu zile ziko kabatini mwangu ninapoandika, na timu yetu mwaka ujao haina golikipa.

Kwa hiyo nina pendekezo moja kwa chama, na nimekwisha kumweleza mwenyekiti. Watu walioichezea SoNy ile ya 2006 hawajafa. Baadhi yao bado wanaishi katika kaunti zetu hizi mbili. Wengine wanafundisha watoto mpira, wengine wanalima. Mwaka ujao kurasa nne za jarida hili zitengwe kwa ajili yao. Wanachama waende wawili wawili, na kalamu na daftari, wawaulize walivyocheza, walivyolipwa, na walivyosikia walipokuwa nyumbani kwao wenyewe na uwanja mzima ukiwashangilia wageni. Waandike kwa Kiswahili sanifu, bila kupamba. Waanze na walinda lango na mabeki, washambuliaji wasubiri zamu yao. Nauli ya kwenda Awendo na kurudi nitaitoa mimi, kwa wanachama sita wa kwanza watakaojiandikisha.

Waliotunga wimbo ule wa golikipa nawajua kwa majina. Nafasi mbili kati ya hizo sita nimewawekea wao.